Kuku wa Iramba Walifika Dar es Salaam

Mwanangu Roda,

Kabla yangu mimi, watu wa Dar es Salaam walikuwa wanakula samaki tu. Sisemi kwa kujisifu. Kila mtu huku Iramba analijua hilo, na asiyelijua ni kwa sababu hajakaa na mimi akanipa nafasi. Yule kuku wetu mwenye mapaja magumu, anayechemka tangu asubuhi mpaka watu wanarudi kutoka shamba, ni mimi niliyemtia kwenye tenga, nikampakia lori mpaka Manyoni, nikampandisha treni, na mji mzima ukageuza kitoweo. Stesheni masta wa Manyoni alikuwa hapungi bendera yake kabla hajauliza, "Yeremia amepanda?" Wakimwambia bado, treni inangoja. Kwa hiyo barua hii usiikunje kunje kama karatasi ya kufungia karanga. Imeandikwa na mtu.

Nakuandikia kwa sababu kukwambia kwa mdomo kumenishinda. Jana niliondoka kwenye chakula nikiwa na tonge mkononi, na mama yako akasema, "Mwache, ana hasira." Ni kweli ninayo, na mpaka sasa ninayo. Jua linakwenda kuzama, wanawake wanakukaangia karanga za safari, wewe unacheka huko jikoni na binti za jirani, na mimi niko huku nyuma ya zizi, nimeweka karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa. Mbuzi wananitazama. Hata wao nadhani wanajua.

Kesho lori la ushirika litakuchukua mpaka Singida, basi litakufikisha Manyoni, na kutoka hapo ni treni mpaka Dar es Salaam ukasailiwe. Habari za nguo, za kufunga sanduku kwa kamba, za kutokula vitu vya kwenye madirisha ya treni, mama yako amekwisha kuzisema mpaka zimemkauka mdomoni. Mimi huko sina la kuongeza. Nitasema yaliyo moyoni mwangu, na mengi ni ya kukasirikia.

Maana walioitwa kwenye usaili huo ni wengi, na watakaochukuliwa Chuo Kikuu kwenye huo mpango wa kufundisha vijana uongozi wa biashara ni wachache. Barua yao ya wito ulinisomea mwenyewe. Imesema mwombaji ataulizwa juu ya yale aliyoyaandika kwa mkono wake. Ukijibu vizuri, wewe ni mtu wa Chuo Kikuu. Ukibabaika, unarudi hapa kwenye duka la kijiji kupima sukari mpaka nywele zikupauke. Na mengi uliyoyaandika, Roda, umeyaandika juu yangu. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Tuanze na fomu ile. Sijawahi kuona karatasi yenye dharau namna ile. Ilikuwa na mahali pa jina la baba, mahali pa kazi ya baba, mahali pa elimu ya baba. Baba yako, Mungu amweke pema, alikwenda kuchimba dhahabu Sekenke wewe ukiwa bado mgongoni, na shimo likamfukia. Tangu hapo ni mimi. Na hata angekuwepo, bado ingekuwa ni mimi, kwa maana sisi Wanyiramba mtoto ana mjomba wake. Akikosa anaulizwa mjomba. Akiposwa anaulizwa mjomba. Nikamwambia karani wa shule pale Nduguti, "Mahali pa mjomba pako wapi?"

Akasema, "Hakuna, mzee."

"Geuza nyuma."

Akageuza. Nyuma palikuwa peupe kabisa.

"Basi andika hapo."

Akacheka, akaniambia nisimharibie karatasi ya Serikali. Mimi niliyelisha mji mkuu nikaambiwa na kijana asiyefuga hata njiwa kwamba nitaharibu karatasi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli nikiikokota, kwa sababu nilikuwa nimekasirika mno kuipanda.

Wewe siku ile ulikaa ukaandika. Kumbe ndani ya fomu ile palikuwa na ukurasa mzima unaotaka mwombaji aeleze nani alimfundisha uongozi wa biashara, na huyo mtu alifanya nini. Wenzako, nina hakika, waliandika juu ya wakubwa wa nchi. Wewe uliandika juu ya mjomba wako Yeremia. Ukanisomea jioni, unasoma kwa Kiingereza halafu unanigeuzia kwa Kiswahili: kwamba katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, wakati watu wa huku walikuwa wakiuza kuku kwa kubadilishana na chumvi, mjomba wangu aliwakusanya majirani, akapeleka kuku wao Dar es Salaam, akawauza sokoni mwenyewe, na akarudi na fedha ya kila nyumba bila kupunguza. Na kwamba alinifundisha hivi: mzigo wenye roho haumsubiri mwenyewe.

Nilikwambia urudie. Nikakwambia urudie tena, nikasingizia kwamba mbuzi walinizibia masikio. Hawakunizibia. Nilitaka tu kusikia.

Laiti ningesema siku ile. Lakini ngoja kwanza, bado nina mengine.

Unajua kinachonikera kwako? Hujui kujikuza. Mahali walipokuuliza jambo uliloliongoza wewe mwenyewe, uliandika mistari minne. Mistari minne kwa habari ya miko. Ningekuwa mimi ningejaza daftari, na ningeweka na mvua ndani yake.

Watu wa huko hawajui mambo yalivyokuwa, kwa hiyo ilibidi uwaeleze. Kabla hawajakuweka dukani uliporudi kutoka jeshini, mgawo wa sukari ulikuwa unapangiwa mawe. Lori likisikika linakuja, kila nyumba inakwenda kuweka jiwe lake mbele ya duka, jiwe ndilo linalosimama foleni, mwenyewe yuko kwake amelala. Asubuhi unakuta jiwe la mwenyekiti limekuwa la kwanza na jiwe la mjane limekwenda kwenye mtaro. Jiwe halina miguu lakini hapa kwetu lilikuwa linatembea. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawe matatu: langu, la shemeji yangu aliyekuwa amekwisha kufariki, na la mgeni ambaye nilikuwa namtarajia.

Wewe ukasimama kwenye mlango wa duka, kisichana chembamba, ukasema, "Shikamooni wazee. Kuanzia leo hatupangi mawe. Kila nyumba ilete mwiko wake."

"Mwiko gani?"

"Mwiko wa ugali."

Watu wakacheka wakadhani jeshini walikupiga kichwani. Mimi nilicheka kuliko wote. Kumbe ulikuwa umewaza mbali. Kila nyumba ina mwiko mmoja, na kila mwanamke anaujua mwiko wa mwenzake, ule ulioungua, ule uliomeguka, ule ulioletwa na bibi harusi. Huwezi kuusogeza mbele mwiko wa mwenyekiti bila mke wa Mpinga kupiga kelele kwamba mwiko wake umerukwa. Na mwiko haulali foleni, kwa sababu jioni lazima ugali usongwe. Kwa hiyo kila mtu alikuja mwenyewe, na wewe pia ukajifunga, maana kijiji kizima kilikuwa kinakungoja wewe kikapike, huwezi kufunga duka katikati ukaenda kuzungumza na katibu kwenye kivuli.

Nami nilikuja na miko mitatu. Miwili niliichonga asubuhi ile. Uliichukua, ukainusa mbele ya watu wote, ukaniambia kwa adabu kabisa, "Mjomba, hii miwili haijawahi kuonja ugali."

Mpaka leo watoto wakiniona na kijiti wananiuliza kama kimeonja. Lakini nilikwenda nyumbani na sukari ya mwiko mmoja, na mke wa Mpinga alikuwa na yake, na yule mjane alikuwa na yake. Sikumbuki siku nyingine hapa ambayo sisi watatu tulikunywa chai tamu jioni moja. Mistari minne. Nilikwambia, andika kwamba umefanya hivyo kwa wilaya nzima. Ukasema, "Ni kijiji chetu tu, mjomba." Nikakwambia angalau sema tarafa. Ukashika kalamu, ukaninyamazia. Kunyamaza kwako huko kunaniudhi kuliko matusi.

Halafu ule mkutano wa kijiji. Fomu ilikuwa haiendi bila barua ya kijiji na muhuri wa Chama, na katibu alikuwa anasafiri, akirudi muhuri umesahaulika, muhuri ukipatikana wino umekauka. Nimekwenda kwake mara nyingi mpaka mbwa wake ameacha kunibwekea. Mwishowe wakasema liamuliwe na mkutano. Wewe ulikaa nyuma na wanawake, umeinamisha uso, kwa hiyo hukuona nyuso za watu. Mimi niliziona.

Katibu akasema, "Sisi tunajenga ujamaa. Huyu anaomba tumwandikie barua akasomee ulanguzi."

Mzee Mpinga akasema, "Na ni binti. Akifika huko ataolewa na mtu wa pwani, sisi tutabaki kusikia salamu zake kwenye redio."

Nikasimama. Nikawaambia wao ni nani wa kuzungumza habari za biashara mbele ya mtu aliyelisha Dar es Salaam. Nikawaeleza juu ya treni. Nikawaeleza juu ya wenye hoteli waliokuwa wakinigombania stesheni, mmoja akinivuta mkono huu na mwingine huu. Mtu mmoja kutoka nyuma, nimemjua sauti na sijamsamehe, akasema, "Kuku wako wanazidi kila mkutano, Yeremia. Mwaka jana yalikuwa matenga mawili."

Watu wakacheka. Na mimi nikichekwa huwa naongeza. Nikaongeza matenga mpaka nadhani hata treni yenyewe isingeyabeba. Ndipo mama yako aliposema, si kwa sauti kubwa, "Kaka, kaa chini. Unamharibia mtoto."

Nikakaa. Damari ni mdogo wangu, lakini akiniambia kaa, huwa nakaa.

Yeye akasimama, akafunga kanga vizuri. "Naomba kuuliza tu. Siku hizi sukari ikija, ni nyumba gani hapa inakosa?"

Mtu mmoja akaanza kuhesabu nyumba kwa vidole, akaacha.

"Na zamani?"

Hakuna aliyemtazama mwenyekiti, wala mwenyekiti hakumtazama mtu.

"Haya," akasema mama yako, akakaa.

Katibu akatoa muhuri mfukoni. Ulikuwa mfukoni siku zote. Akaupulizia pumzi, akaugonga. Nje niliwaambia watu kwamba ni hotuba yangu iliyowalainisha, mama yako akaja kuwapigilia tu. Nimesikia hata wewe ulilisema hilo kwa karani. Sasa ujue. Barua ile ni ya mama yako. Mimi nusura niizamishe.

Nadhani unaanza kuona ninakoelekea, na mimi bado natamani mbuzi hawa wavunje zizi nipate sababu ya kuacha kuandika.

Mimi, mwanangu, tangu utoto nina ugonjwa huu. Darasa la nne mwalimu aliuliza mto mrefu kuliko yote uko wapi. Sikuujua. Wenzangu wawili nao hawakuujua, wakasema hatujui, wakakaa. Mimi nikasema nimeuvuka. Mwalimu akauliza kwa kitu gani. Nikasema kwa mgongo wa ng'ombe. Nilichapwa, lakini darasa zima lilinitazama siku ile kama mtu aliyetoka mbali, na macho yale, Roda, yana utamu kuliko asali ya nyuki wadogo. Nimekuwa nikiyatafuta tangu hapo. Shule ikaniishia palepale, kwa sababu mtu aliyevuka mto hawezi tena kurudi kuuliza mto uko wapi. Wale wawili waliosema hawajui waliambiwa ulipo. Mmoja sasa ni bwana shamba.

Nakwambia hili kwa kuwa mezani kule Dar es Salaam watakuwapo watu wenye miwani, watakuuliza jambo usilolijua, na utaona macho yao yanakungoja. Mimi sijui uongozi wa biashara wanaufundishaje. Ila najua nini kilininyima hata ule mdogo ambao ningeweza kuupata.

Sasa tuje kwenye jana.

Tangu Jumapili, barua ya wito ilipofika, umekuwa ukiniuliza maswali. Unauliza kwa adabu, unanisogezea kigoda, na kila swali ni kama mwiba. Jana kwenye ugali ndipo uliponimaliza.

"Mjomba, wakiniuliza uliuza soko gani, niseme lipi?"

"Soko kubwa."

"Ukitoka stesheni liko upande gani?"

"Upande wenye watu."

Mama yako akacheka ndani ya bakuli.

"Na uliwauzia akina nani?"

"Wenye njaa. Kula, mlenda unapoa."

Ukala tonge moja. Halafu ukasema polepole, wala hukuwa na ubaya, nakujua huna ubaya: "Mjomba, mbona Morogoro unaijua hata bomba la stesheni liko wapi, na mwuza machungwa alikaa upande gani, na Dar es Salaam hujui soko lilipo?"

Hapo ndipo nilipoondoka na tonge.

Nilikwenda nikasimama kule kwenye njia ya kisimani. Nilikasirika na wewe, kwamba mtoto niliyemlea ananihoji kama mgambo. Nikakasirika na hao wa Chuo Kikuu, kwamba hawana kazi nyingine ila kuuliza masoko. Nikakasirika na marehemu Saidi wa Manyoni, niliyesafiri naye na kuku, kwamba amekufa na hawezi tena kunisaidia. Nikamaliza watu wote wa kukasirikia, na bado hasira ilikuwapo.

Habari za kuku ninazijua, usidhani sizijui. Nilizokufundisha ni za kweli. Jogoo wawili usiwaweke tenga moja, utafikisha mmoja na manyoya ya mwenzake. Tenga la fito mbichi linapinda, kuku wa chini wanabanwa. Bakuli la maji ndani ya behewa ni kazi bure, treni ikitikisika linamwagika, kwa hiyo unachovya mkono kwenye debe na kuwanyunyizia usoni, nao wanadonoa matone kwenye manyoya yao. Na kweli niliwakusanya majirani. Kweli niliwaambia tuache kubadilishana na chumvi. Mama yako alitoa kuku wawili, mmoja alikuwa anataga, na alinipa huku analia. Yule Saidi alikuwa na matenga yake, alikuwa amekwisha kwenda mara nyingi, akakubali tufuatane. Tulipanda Manyoni. Stesheni masta hakuniuliza jina.

Watu wa huku ninawaambia niliacha safari zile kwa sababu ulikuja wakati wa kuzuia kuku kwenye vizuizi, tukaanza kuitwa walanguzi. Vizuizi vilikuja kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha kuacha kabla. Safari zile, Roda, ilikuwa safari moja.

Nikufikirie sasa umekaa mbele ya wale watu. Watauliza, soko gani? Mimi ningekuwa wewe ningebuni soko papo hapo, na paa lake, na mbwa wake. Wewe huwezi. Tangu mdogo ukidanganya unashika sikio la kushoto. Utalishika, na mmoja wao mwenye macho ataliona, na tangu hapo hata habari ya miko, ambayo ni kweli tupu, wataitia shaka. Utarudi hapa, watu watasema, tulijua, binti wa Yeremia. Hawatasema binti wa Damari. Watasema wa Yeremia.

Kwa hiyo usingoje waulize. Watakapokwambia kaa, kaa, wasalimie, halafu waambie kwamba kwenye ukurasa wenye habari za mjomba wangu kuna mahali nilipoandika kama nilivyosimuliwa, na jioni ya kuamkia safari mwenyewe amenirekebisha. Wapatie hii barua kama wanataka. Sitaki waisome, lakini wapatie. Labda watakuondoa kwa hilo. Inawezekana. Nimeliwaza mpaka kichwa kinauma, na kila nikiwaza naona heri wakuondoe kwa kusema kuliko kwa kushika sikio. Lakini wewe ndiye unayekwenda, si mimi. Ukiona vingine, fanya vingine. Mimi ushauri wangu umewahi kuleta miko mitatu.

Wakikuuliza basi ilikuwaje, waambie hivi.

Tulifika Morogoro mchana, jua kali, kuku wamefungua midomo. Maji yalikuwa yamekwisha. Nikamwambia Saidi, angalia matenga, nashuka kuchota. Nikashuka na debe, lile lile lenye mkono wa waya mnalochotea maji hapa nyumbani, ambalo nimewaambia wote kwamba nilizawadiwa na mwenye hoteli wa Dar es Salaam. Nililitoa hapa hapa Iramba. Bomba liko mwisho wa jukwaa, mkono wa kulia, nalo linatoka maji kidogo kidogo. Palikuwa na watu wanangoja, na yule mama wa machungwa. Tukaanza kuzungumza. Wakaniuliza natoka wapi, nikawaambia. Wakaniuliza naenda wapi, nikawaambia. Wakanitazama.

Nikasikia filimbi. Nilijua ni treni yangu. Lakini nilikuwa katikati ya maneno, na wale watu walikuwa wamesogea karibu kabisa, hata yule mama alikuwa ameacha kupanga machungwa, na nikasema moyoni, nimalizie tu hapa. Nilipogeuka, behewa la mwisho lilikuwa linapita na Saidi amening'inia mlangoni ananipigia kelele, na nyuma yake matenga.

Nilikaa pale mpaka aliporudi, nikibeba machungwa ya yule mama ili nipate kula. Saidi aliwauza kuku wetu pamoja na wake, akaniletea fedha ya kila nyumba, kamili, akaniambia na mji ulivyo: bahari, majumba, wenye hoteli wanaovutana stesheni. Yote ninayoyajua ni yake. Hakunicheka hata siku moja mpaka amekufa, wala hakumwambia mtu.

Kuku wa Iramba walifika Dar es Salaam. Hilo ulilolinukuu nikajisikia mkubwa, kwamba mzigo wenye roho haumsubiri mwenyewe, nililijua siku ile, nimesimama na debe limejaa.

Na wakikuuliza, kama wanapenda kucheka, ni maneno gani hayo yaliyokuwa matamu kiasi cha kumwachisha mtu treni, waambie. Nilikuwa nawasimulia wale watu wa bombani jinsi Dar es Salaam ilivyo.

Mjomba wako, mpeleka kuku mpaka Morogoro,

Yeremia